Aligarh au Santiniketan: uanze kutembelea chuo kipi kati ya hivi viwili vya India?

Sir Syed Ahmad Khan, mwanamageuzi wa elimu, alianzisha shule Aligarh mwaka 1875, ikawa chuo kikuu 1920. Nguvu yake ni mabweni na matofali mekundu: Ukumbi wa Strachey, Lango la Victoria, na msikiti ambao yeye mwenyewe amezikwa ubavuni mwake.

Santiniketan ya mshairi Rabindranath Tagore (shule 1901, chuo kikuu cha Visva-Bharati 1921) inagusa zaidi. Wanafunzi husomea chini ya miti. Mvua ikinyesha, somo huhamia ndani. Nyumba iitwayo Shyamali, ya 1935, ilijengwa kwa udongo hadi paa, hivyo mvua za monsuni huila isipokarabatiwa. Usiende Jumatano ukitarajia masomo: ndiyo siku yao ya ibada na mapumziko. Mpenda majengo aanzie Aligarh, mwalimu, Santiniketan.