Cheti cha Mei Mosi au shilingi kwa kila mtoto?

Njia ya kwanza ya kumtuza mwalimu wa msingi tunaijua sote Tanzania. Mei Mosi mfanyakazi bora anaitwa mbele, anakabidhiwa cheti na bahasha, anapiga picha na mgeni rasmi. Heshima ipo, na cheti kitatundikwa sebuleni. Ila wenzake waliobaki na chaki mara nyingi hawajui kigezo kilikuwa nini, na mwakani minong'ono inaanza upya: safari hii zamu ya nani?

Ya pili ilijaribiwa na shirika la Twaweza kupitia mpango wake wa KiuFunza, mwaka 2013 na 2014. Mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu alipata shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu mtihani wa Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Mwalimu mkuu 1,000. Hapo hakuna zamu, ni kuhesabu tu. Matokeo yalikuwa mazuri zaidi pale bonasi ilipoambatana na ruzuku ya shule. Ruzuku peke yake haikuinua ufaulu. Kasoro: wa darasa la sita hakuguswa kabisa.

Mimi ningechagua hii ya pili, mradi malipo yasicheleweshwe.