Uzoefu wangu: picha ya familia Kibosho, na kitenge cha mama mkwe

Desemba iliyopita tulipiga picha ya familia kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kwa mama mkwe, Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Tulikuwa sita: mama, mume wangu, mimi, binti wa miaka 14, kijana wa miaka 9 na mdogo wao wa miaka 3. Tulitumia studio ya hapa Moshi mjini yenye vijana wawili, dada anayepiga na kaka anayeshika taa. Bei ilikuwa shilingi 280,000 kwa saa mbili, picha 20 zilizosafishwa na moja kubwa ndani ya fremu. Usafiri wa kupanda Kibosho nililipa 30,000 juu yake. Lakini kilichonifaa kuliko vyote hakikuwemo kwenye bei. Wiki mbili kabla, yule dada alikaa na mimi kwenye simu tukapanga nguo, mtu mmoja mmoja.

Nilihitaji msaada huo, kwa sababu miaka mitatu iliyopita nilishakosea. Tulikwenda studio nyingine ya mjini, na mimi nilikuwa nimenunua kitenge cha njano chenye maua makubwa ya bluu, fundi akatushonea wote sare. Kwenye harusi sare ina kazi yake, watu wanajua nani ni wa upande gani. Kwenye picha ya ukutani ilitumeza. Ukiitazama, jicho linakwenda kwenye maua, linahama kutoka ua hadi ua, na sura unazifikia mwisho. Njano ile ilirudisha mwanga chini ya videvu, mume wangu akaonekana kama mtu anayeumwa. Shati la kijana lilimbana kwapani kwa sababu fundi alitumia vipimo vya miezi minne nyuma. Studio haikuniambia neno lolote kabla ya siku yenyewe, na sikujua kama ningepaswa kuuliza. Picha ile sikuitundika.

Safari hii swali la kwanza la yule dada halikuwa rangi gani ninaipenda. Aliuliza, "Dada, kuna mtu kwenye familia ambaye nguo yake haibadiliki?" Nikacheka, maana yupo. Mama mkwe alishasema kabla hata sijamaliza kumweleza: "Mimi navaa kitenge changu. Mkitaka nivae kingine, pigeni ninyi wenyewe." Kitenge chenyewe ni damu ya mzee, kina vijiua vidogo vya rangi ya maziwa, alinunuliwa na marehemu baba mkwe. Kimeoshwa mpaka kimelainika. Mimi nilikuwa nakiona kama tatizo la kukwepa. Dada akasema, "Basi tunaanzia hapo. Nitumie picha yake, uipigie dirishani mchana."

Kutoka kwenye kitenge kile tukatoa rangi zote. Mimi nikavaa gauni la rangi ya mchanga, halina ua hata moja. Mume wangu shati la bluu iliyoiva na suruali ya kadeti. Binti gauni la rangi ya maziwa, ile ile ya vijiua vya bibi yake. Kijana shati la kahawia, na mdogo kaptula ya bluu kama ya baba yake, na kifulana cha damu ya mzee. Mwenye maua akawa mmoja tu, bibi, na wengine wote tukamzunguka kwa rangi tulivu. Ukiingia sebuleni kwetu leo jicho linaanza kwake. Ndivyo inavyostahili.

Nilitaka wanaume wavae mashati meupe kabisa. Yule dada alinikatalia, na alinieleza sababu. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, weupe mwingi huidanganya kwamba mwanga umezidi, inapunguza, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaofifia. Mpiga picha mzuri analirekebisha hilo, ila kwa nini umwanzishie shida? Halafu kihambani jua linapita kwenye majani ya migomba, linashuka likiwa kijani, na nguo nyeupe hulipokea lote. Nguo ya kijani nayo alikataa, maana mtu anaishia kuwa sehemu ya mgomba. Mistari myembamba iliyobanana pia, kwa kuwa kwenye skrini inacheza kama maji.

Kipimo alichonipa nimeshawafundisha dada zangu wote. Tandika nguo zote kitandani zikiwa zimepangana kama watu watakavyosimama, piga kwa simu, kisha ibadilishe picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka unabaki na mwanga na giza tu. Kwetu gauni langu na la binti yalikuwa na mwanga sawasawa na yamelaliana, tungeonekana tumeshonwa pamoja begani. Tukaamua mimi nisimame upande wa bibi na binti ahamie kwa baba yake. Hatukununua nguo nyingine kwa ajili hiyo.

Tulichonunua kipya kilikuwa kidogo. Shati la kahawia nilitoa 6,000 kwenye mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi, likapunguzwa mikono na fundi. Kaptula 3,000. Nilikuwa nimejiandaa kutumia laki mbili kwenye nguo, sikufikisha hata elfu thelathini.

Mambo madogo aliyonikumbusha ni haya, na naona kila mama angeambiwa. Nywele tusisuke jana yake, maana ngozi ya uso inakuwa imevutwa na vipele vya pembeni bado vimevimba, siku tatu kabla zinatosha. Watoto wasipakwe mafuta ya mgando usoni asubuhi hiyo, yanang'aa kuliko macho. Simu na funguo zitoke mifukoni. Nguo zipande Kibosho zikiwa kwenye henga, tuvalie huko huko. Viatu tuvae mwisho kabisa, maana Desemba mvua za vuli hazijaisha vizuri na udongo wetu mwekundu hauna huruma. Tulikuja na ndala, tukabadilisha tukiwa tumesimama kwenye jamvi.

Muda ulikuwa saa moja asubuhi. Nililalamika kidogo, kuamsha mtoto wa miaka mitatu kwenye baridi ya kule si mchezo. Ila Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huwa inajifunika mapema, na mama mkwe alitaka mlima uonekane. Mlima uko kaskazini kwake, na Desemba jua linachomoza limeelekea kusini, kwa hiyo tukiupa mlima mgongo jua linatupiga usoni kwa pembeni. Yule dada aliniambia Juni lingekuwa limehamia upande wa kaskazini, nyuma yetu. Tulisimama mwisho wa migomba, karibu na ule mstari wa masale, mimea ya mpakani, unaogawa kihamba chetu na cha shemeji, na saa tatu kasoro wingu lilikuwa limeshafika.

Sasa kasoro, maana zipo. Waliahidi picha ndani ya siku kumi, nikazipata wiki ya tatu, Krismasi imepita na ndugu wa Dar wamesharudi. Nilipiga simu mara nne. Pia walitushauri tubadilishe nguo mara ya pili, na hapo sikubaliani nao kabisa. Kwa familia yenye mtoto mdogo na mzee wa miaka 81, kuvua na kuvaa katikati kunakula nusu saa na kunamaliza furaha. Mdogo alilia, na zile picha za nguo za pili zote ana macho mekundu. Kama unakwenda nao, kataa hilo na ung'ang'anie nguo moja. Weka nafasi Novemba, si Desemba, kwa sababu Wachaga wote tunarudi nyumbani mwezi huo na kila mtu anataka picha.

Pamoja na hayo nitawarudia, na nimeshawaelekeza wenzangu watatu.

Tulipokuwa tunafungasha, mama mkwe alimshika yule dada mkono akamwomba ampige moja akiwa peke yake. Akajitengenezea kilemba, akakunjua pindo la kitenge likakaa vizuri magotini. Akapigwa. Kisha akamwambia mume wangu, mbele yetu wote, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hii ndiyo mtakayoitumia siku yangu. Msinitafutie nyingine." Mume wangu akaitikia, "Sawa, mama." Picha hiyo haikuwa kwenye hesabu. Ililetwa ikiwa imechapishwa, na hawakunidai.