Viza ya Pamoja ya Utalii ya Afrika Mashariki: Dola 100, Nchi Tatu na Mipaka Isiyotabirika

Kazi yangu ni kupanga safari za wageni wanaotaka kuona Uganda, Rwanda na Kenya kwa mkupuo mmoja, na huduma ninayoitegemea zaidi ni viza ya pamoja ya utalii ambayo nchi hizo zilianza kuitoa mwaka 2014. Inagharimu dola 100 za Marekani, inadumu siku 90, na mwenye nayo huingia na kutoka katika nchi hizo tatu kadiri apendavyo, mradi ombi lake lipitie nchi atakayoanzia.

Wageni wangu wa mwisho walikuwa Wajerumani wanne walioanzia Entebbe. Kama wangelipia kila nchi peke yake, kila mmoja angetoa dola 50 Uganda, 50 Rwanda na 30 hivi Kenya, kwa hiyo waliokoa kiasi cha kuridhisha. Mwingereza hapati nafuu hiyo, kwa kuwa Rwanda haiwatozi raia wa Jumuiya ya Madola viza ya siku 30. Humshauri alipie Uganda na Kenya tu. Wajerumani wangu walipofika Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, asubuhi yenye ukungu na baridi, afisa wa uhamiaji alifungua ukurasa wenye stika ya viza, akaitazama tarehe, akagonga muhuri bila kudai pesa wala barua, na kilichotuchelewesha ni mifuko ya plastiki tu, ambayo Rwanda imeipiga marufuku. Matatizo yalitokea Kigali, ambako mfanyakazi wa shirika moja la ndege, ambaye hakuwahi kuiona viza hii, alishikilia kwamba lazima wawe na kibali cha kuingia Kenya cha mtandaoni. Tulipoteza karibu saa nzima tukimweleza, na wageni walifadhaika.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya huduma hii haimo katika karatasi zake. Mwishoni mwa Februari 2019, Rwanda na Uganda zilipokosana, mpaka huohuo wa Katuna, ambao upande wa Rwanda huitwa Gatuna, ulifungwa, na haukufunguliwa hadi 31 Januari 2022. Viza iliendelea kuuzwa kwa jina la safari isiyo na vikwazo, ilhali barabara kuu ya Kampala na Kigali ilikuwa imekatika. Aliyelipa dola 100 alikuwa amenunua pia uhusiano wa serikali mbili, jambo ambalo hakuna wakala anayeweza kulidhamini.

Ndiyo maana, ninapoulizwa kama utalii wa ukanda huu utakua, siwezi kujibu kwa kutazama uzuri wa mbuga pekee. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, wageni waliokuwa wamelipia vibali vya kuwaona sokwe wa milimani (gorila) nchini Rwanda, ambavyo ni dola 1,500 kwa kila mtu, waliniandikia kuuliza kama wafute safari, kwa sababu kwenye ramani Goma na Rubavu ya Rwanda zimepakana kabisa. Wengine walifuta. Septemba ya mwaka huohuo Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika, na hilo liliwatuliza wengi kuliko barua zangu. Mwezi Juni, anga ya Qatar ilipofungwa kwa saa kadhaa kutokana na shambulio la Iran, tuliona jinsi safari ya kwenda Bwindi, msitu wa sokwe nchini Uganda, inavyoweza kukwama Doha, ambako ndege hubadilishwa.

Kwa maoni yangu ukuaji utakuja, tena utaanzia kwa majirani: tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho tu, na hawapiti anga ya Ghuba. Lakini pasipo Tanzania viza hii itabaki pungufu. Mgeni akitoka nje ya nchi tatu kwenda Serengeti, viza yake inakoma. Na kati ya Mara na Serengeti hawezi kupita moja kwa moja, kwani lango la mpakani la Bologonja limefungwa kwa watalii tangu Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977.

Ninaipendekeza kwa yeyote anayezuru nchi zote tatu bila msamaha wa ada. Kwa wageni wa mwakani nimeiweka Tanzania mwisho wa ratiba, na nimeacha siku moja tupu kabla ya ndege ya kurudi Ulaya.