Hobbywing QuicRun 1060 kwenye boti ya mota ya kaboni: uzoefu wangu

ESC hii, yaani kidhibiti cha kielektroniki cha kasi ya mota, ilitengenezwa kwa ajili ya magari ya rimoti. Mimi nimeifunga kwenye boti ya fiberglasi ya sentimita 75: mota ni Mabuchi RS-540 ya kaboni (yenye brashi ndani) iliyoungwa moja kwa moja na shafti, propela ya plastiki ya milimita 35, betri ya NiMH (ya nikeli) ya seli 6, yaani volti 7.2. Inafanya kazi vizuri, mwendo wa polepole ni laini, na rivasi ipo. Lakini ina jampa mbili ndogo pembeni, yaani vifuniko vya kuhamisha ili kuchagua mpangilio, na usipozielewa utagonga gati siku ya kwanza.

Jampa ya mtindo wa kwenda ina nafasi mbili. Ikiwa kwenye F/B/R (mbele, breki, rivasi), ukivuta kijiti nyuma mara ya kwanza unapata breki tu. Mpaka urudishe nyutro na kuvuta tena ndipo mota inageuka. Kwa gari ni sawa, kwani inalinda gia. Boti haina matairi ya kushika ardhi: propela inasimama, boti inazidi kuserereka, na wewe bado unahangaika na kijiti. Hamisha jampa kwenye F/R (mbele na rivasi tu), rivasi inakuja palepale. Ila ukiwa kasi usivute nyuma kwa mkupuo. Tulia nyutro kama sekunde moja, la sivyo mkondo wa umeme unaruka na skrubu ya kapulingi, kiungo cha mota na shafti, inalegea.

Jampa ya pili ni ya aina ya betri, na hapa ndipo watu wanailaumu ESC bure. Ikiwa kwenye LiPo (betri ya lithiamu), ESC inahesabu seli yenyewe unapowasha: milio miwili mifupi ni seli 2, mitatu ni seli 3, kisha mlio mrefu kuonyesha iko tayari. Kwa seli 2 inapunguza nguvu ikifika volti 6.5 na kukata kabisa kwenye 6.0. Sasa chukua betri ya asidi ya volti 6, zile za taa za dharura. Hata ikijaa inakaa karibu volti 6.4, kwa hiyo boti inaondoka gati ikiwa na nusu ya nguvu na unadhani mota imechoka. Weka jampa kwenye NiMH, ambayo hukata chini kabisa, karibu volti 4, kisha hesabu muda mwenyewe na urudi kabla betri haijaisha. Betri ya asidi ya volti 12 siishauri kwa ESC hii. Ikitoka chaji inavuka volti 12.6, ambazo ni volti za LiPo ya seli 3 ikijaa, na ndicho kikomo cha ESC hii.

Namba zake ni ampea 60 mfululizo kwenda mbele na 30 kwa rivasi, na kilele cha 360 kwa mbele. Hicho kilele kisahau. Ni cha kufumba na kufumbua, na kinachoiua ESC ya boti ni mkondo mkubwa unaokaa sekunde kadhaa propela ikiwa imenasa majani au kamba. Swali la kujiuliza dukani ni moja: mota yangu ikikwama inavuta ampea ngapi?

Kwa RS-540 ya kawaida kwenye volti 7.2, jibu la kiwandani ni kama ampea 70. Kwa mota isiyo na karatasi ya vipimo vya kiwandani, kama zile za 550 zinazotolewa kwenye drili mbovu, pima. Chukua balbu ya indiketa ya gari ya 12V 21W, iunge kwa mfuatano na mota kwenye betri ya volti 12. Balbu itapitisha takriban ampea 1.75. Shika shafti isizunguke, pima volti kwenye miguu miwili ya mota. Ukisoma 0.18, gawanya kwa 1.75, unapata ukinzani wa karibu omu 0.1. Volti za betri yako gawanya kwa hiyo omu: 7.2 kwa 0.1 ni ampea 72. Zungusha shafti kidogo na urudie mara nne au tano, kwa sababu kaboni hazikai sawa kila mahali, kisha tumia kipimo kidogo kuliko vyote. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuzuia kununua ESC ya ampea 15.

Kipimo cha pili ni cha beseni. Shikilia boti majini, throtli yote, mita ya ampea ya kubana ya DC kwenye waya wa betri. Yangu inasoma ampea 11 kwa propela ya milimita 35. Nilipoweka ya milimita 40 ikapanda hadi 17. Milimita tano tu! RS-540 ina ufanisi wake mzuri karibu na ampea 13, kwa hiyo zile nne za ziada zinaishia kuwa joto kwenye mota huku boti ikiongeza mwendo kidogo mno. Nilirudisha ya 35. Kanuni ninayofuata: ampea za mfululizo za ESC ziwe angalau mara mbili ya kipimo cha beseni, na zisiachwe mbali na ampea za kukwama. Kwa 60 dhidi ya 11 na 70 nalala usingizi.

Nafasi iliyobaki kati ya 60 na 70 inazibwa na fyuzi ya gari ya ampea 20 kwenye waya chanya wa betri. Inavumilia boti inapoondoka, na propela ikikwama inaungua yenyewe badala ya ESC.

Zile ESC ndogo zisizo na jina zilizoandikwa 320A nimejaribu moja. Waya wake ni mwembamba kama wa spika, na ilinuka kuungua ndani ya dakika chache kwenye ampea 11 zilezile. Tazama waya kabla ya maandishi.

Kwenye mota lehemu kapasita tatu za seramiki zenye namba 104: moja kati ya miguu miwili, na moja moja kutoka kila mguu hadi kwenye ganda. Kwaruza rangi ya ganda kwanza, la sivyo risasi haishiki. Bila hizo usukani unatetemeka kila ukigusa throtli. Usitumie kapasita yenye chanya na hasi, rivasi itaipasua. Na kama mota yako ilitoka kwenye boti ya zamani ya kwenda mbele tu, angalia kama ina diodi ya Schottky mgongoni, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Itoe, maana ukivuta rivasi inakuwa shoti kamili na ESC inakufa papo hapo.

Wenye mota mbili na ESC mbili: kila ESC inatoa umeme wake wa kulisha risiva, kipokezi cha rimoti. Chomoa waya mwekundu wa katikati kwenye plagi ya ESC moja, uufunge tepu.

ESC imezibwa isiingie maji, lakini plagi na risiva hazijazibwa. Mimi nimeisimamisha ubavuni mwa boti, juu ya usawa ambao maji hukusanyika, mapezi ya kupoza joto yakitazama uwazi. Usiizungushie sponji, ndani ya boti iliyofunikwa hakuna upepo. Ukitoka baharini suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kisha paka vaselini kidogo kwenye plagi za betri. Kutu ya kijani ikianza pale, volti zinapungua na ESC inakata mapema kana kwamba betri imekwisha.