Mwanza–Dar kwa ndege: saa 1 na dakika 4 ya nani?

Niliuliza intaneti Mwanza na Dar zimeachana kiasi gani kwa ndege. Kikokotoo kikajibu: kilometa 850 hivi, saa 1 na dakika 4. Nikampigia wifi yangu mwenye mgahawa Tabata: "Wifi, sato wa mchana kesho nakuletea mwenyewe."

Mimi nauza samaki soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Safari naipima kwa barafu.

Saa 11:15 alfajiri nikapanda bajaji na deli langu, sato 12, barafu juu na chini, selotepu pande zote. Uwanjani mzani ukasoma kilo 24.3, na ruhusa ni 23. Kijana wa kaunta, kwa adabu tu: "Mama, punguza au lipia." Nikabandua selotepu mbele ya foleni nzima, nikatoa mapande mawili ya barafu, nikaenda kuyamwaga mtaroni. Hilo liliniuma kuliko nauli.

Ndege ya saa 2:00 ikaruka saa 3:10. Kampuni siitaji. Walituomba radhi mara tatu, sababu hawakuisema hata mara moja.

Halafu ndege yenyewe ilikuwa pangaboi, ile ya mapanga, si jeti. Hapo ndipo nilipokielewa kile kikokotoo: kinachora mstari ulionyooka, kinagawa kwa mwendo wa jeti, kilometa 800 kwa saa, basi. Kupanda juu hakihesabu, wala kuzunguka kabla ya kutua. ATR, aina ya ndege tuliyopanda, inakwenda kama 500 kwa saa, kwa hiyo tulikaa angani saa 1 na dakika 40. Ukikata tiketi, uliza ni ndege gani. Mimi sikuuliza.

Huko juu sina lawama. Rubani alitua taratibu mpaka mzee wa pembeni yangu hakuamka, na mhudumu alinijazia chai mara ya pili bila kuombwa. Tena siwezi kuisema vibaya mbele ya basi. Barabara ni zaidi ya kilometa 1,100, Shinyanga, Singida, Dodoma, Morogoro, unaondoka alfajiri unafika usiku, na samaki anashuka hoi kuliko abiria. Ndege nitapanda tena.

Ila mizigo Dar! Dakika 35 nimesimama naangalia mkanda unazungusha begi moja jekundu lisilo na mwenyewe. Deli likatoka la mwisho, limelala ubavu, linachuruzika. Kisha foleni ya Tazara, dakika nyingine 55 mpaka Tabata.

Saa 6:20 wifi akafungua deli. Barafu ilibaki pande moja, jembamba kama sabuni ya kuogea siku ya mwisho. Hakunisalimia kwanza. Akafunua shavu la sato wa juu, akachungulia matamvua, akamgeuza wa chini, akachungulia tena.

"Mekundu," akasema. "Karibu, wifi. Mbona umechelewa?"