Jioni tatu za msimu wa 1958 huko Kamalondo: ubao uliishinda skrini

Ukumbi ninaouzungumzia umo katika komini ya Kamalondo, mjini Lubumbashi, karibu na uwanja ambao siku TP Mazembe inapocheza hujaza barabara zote za jirani. Kwa kawaida huonyesha ligi za Ulaya, lakini mwezi uliopita mwenye ukumbi alitangaza jambo geni kwetu: Alhamisi tatu, franka 3000 kila moja, za kufuatilia msimu wa 1958 wa futiboli ya kulipwa ya Marekani (ile ya mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi), kwa picha za wakati ule na maelezo ya Kiswahili kutoka kwa mwalimu mstaafu wa michezo. Nilihudhuria zote tatu, na ninawaandikia wale wanaojiuliza kama walipie marudio, ambayo mwenye ukumbi ameahidi kuyafanya baada ya mvua.

Anayekwenda kwa ajili ya picha atatoka na manung'uniko. Matangazo ya televisheni ya fainali ya mwaka ule hayakuhifadhiwa yote. Kilichobaki ni vipande vya filamu visivyo na rangi na sauti za watangazaji wa redio, kwa hiyo mara kwa mara skrini hunyamaza katikati ya shambulio na mchezaji uliyekuwa ukimfuatilia hutoweka. Mwalimu ameziba mapengo hayo kwa ubao mweusi na chaki za rangi mbili, na hapo ndipo thamani ya franka 3000 inapopatikana.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya sheria, nayo ilikwenda polepole kupita kiasi. Mzee mmoja mwenye jezi ya Mazembe aliinua mkono akauliza: «Papa Mwalimu, na huu mpira wa miguu, miguu yake iko wapi?» Mwalimu hakukasirika. Alichora uwanja wa yadi 100, akaonyesha kwamba timu hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, kwamba ikishindwa hunyang'anywa mpira, na kwamba mguu huitwa kazini hasa pale timu inapotaka kumfukuzia mpinzani mbali au kutafuta alama 3 kati ya milingoti. Mzee aliridhika, ila nusu saa nyingine ikaishia kwenye makosa ya refa ambayo hatukuyahitaji.

Jioni ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Mwalimu alikataa kurukia fainali kama wengi wafanyavyo, akaupanga msimu mzima ubaoni: timu 12 katika makundi mawili, Mashariki na Magharibi, kila timu ikicheza mechi 12, kisha vinara wa makundi hayo wakienda moja kwa moja fainali, bila mtoano isipokuwa wawili wa kundi moja wakilingana. Baltimore Colts walishinda mechi sita za mwanzo, na katika ile ya sita waliwapiga Green Bay Packers 56 kwa 0, lakini siku hiyohiyo kwotabeki wao (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), Johnny Unitas, alivunjika mbavu. Wiki iliyofuata, bila yeye, walifungwa na New York Giants 24 kwa 21. Tarehe 30 Novemba alikuwa amekwisha kurudi. Walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 27 kwa 7 mbele ya San Francisco 49ers, wakageuza matokeo kuwa 35 kwa 27 na kulitwaa kundi la Magharibi.

Kundi la Mashariki lilikuwa gumu zaidi kufungua, na mwalimu alilifungua kwa ustadi. Cleveland Browns walikuwa na Jim Brown, aliyekimbia na mpira yadi 1,527 katika mechi 12, wakati rekodi iliyotangulia ilikuwa 1,146. Giants walilazimika kuwashinda tarehe 14 Desemba, katika theluji, na walifanya hivyo 13 kwa 10 kwa teke la Pat Summerall la yadi 49 dakika za mwisho. Wakawa wamelingana, wakakutana tena tarehe 21, na safari hii Jim Brown alizuiliwa akapata yadi 8 tu. Giants 10, Browns 0. Umeme ulikatika hapo hapo, na jenereta ilichukua dakika ishirini kuamka. Mwalimu aliendelea kwa mwanga wa simu ya kijana wa mlangoni, na hakuna aliyeondoka.

Hata hivyo, nina lawama moja nzito kuhusu jioni hiyo. Mwalimu alimsifu Jim Brown, kisha Lenny Moore wa Colts, wote wawili weusi, bila kusema neno juu ya rangi yao. Timu ya Washington haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja hadi 1962. Mwaka 1958 mji wetu uliitwa Élisabethville, na Kamalondo tuliyoketi ndani yake ilijengwa na Wabelgiji kuwa mtaa wa Waafrika, ukitengwa na mji wa Wazungu. Hadhira ile ilihitaji kuelezwa hilo kuliko makosa ya refa.

Jioni ya tatu ilikuwa ya fainali, tarehe 28 Desemba, katika Yankee Stadium, mbele ya watu 64,185. Wakazi wa New York hawakuruhusiwa kuiona majumbani, kwa kuwa sheria ya ligi ilizima televisheni katika eneo la timu mwenyeji. Mwalimu aliita mechi hii bora kuliko zote, na hapo sikubaliani naye kabisa. Frank Gifford wa Giants aliudondosha mpira mara mbili katika robo ya pili, na mara zote mbili Colts walifunga. Kipindi cha kwanza, kwa kweli, kilikuwa cha hovyo. Utamu ulianza Giants walipotoka nyuma 14 kwa 3 hadi kuongoza 17 kwa 14. Zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, Unitas alianzia yadi ya 14 ya upande wake, akampa Raymond Berry pasi tatu mfululizo, na Steve Myhra akasawazisha kwa teke zikibaki sekunde 7.

Muda wa nyongeza ulifuata, anayetangulia kufunga akiwa mshindi, na ukumbi mzima ulielewa mara moja, maana wengi tunakumbuka bao la dhahabu la Ufaransa dhidi ya Paraguay mwaka 1998. Mwalimu alipoeleza kwamba picha za televisheni zilikatika Colts wakikaribia lango, watu walicheka kwa sauti. Kukatikiwa na picha wakati mtamu ni jambo tunalolijua. Alan Ameche alipenya yadi ya mwisho, ikawa 23 kwa 17, na mchoro wa mwalimu wa michezo 13 iliyowasogeza Colts yadi 80 hadi kufunga ulibaki ubaoni hadi tunatoka, vijana wakiupiga picha.

Karanga ni za bei ya kawaida na vinywaji ni baridi jenereta inapofanya kazi. Ningeshauri kuiacha jioni ya kwanza kwa anayejua sheria tayari, na kulipia mbili zinazofuata. Viti vya mbele huisha mapema. Anayefika baada ya saa kumi na moja na nusu hupewa benchi la nyuma, na kutoka huko chaki ya bluu haisomeki.