Jasmoniki au salisiliki, ipi inamzuia kiwavi?

Watu wengi wanazichanganya hizi homoni mbili kwa sababu zote ni za ulinzi wa mmea, lakini kwa mdudu anayetafuna jani mimi naiweka jasmoniki mbele bila kusita. Kiwavi aking'ata tu, asidi ya jasmoniki inapanda ndani ya dakika chache, inaungana na asidi amino ya isoleusini, halafu zile protini za JAZ zilizokuwa zimezibana jeni za ulinzi zinavunjwa, na hapo nyanya kwa mfano inaanza kutengeneza vizuizi vya vimeng'enya, kiwavi anakula lakini protini haimeng'enyeki vizuri tumboni, anadumaa. Hata majani ya mbali ambayo hayajaguswa yanajiandaa, hii inanifurahisha sana!

Salisiliki yenyewe inahusika zaidi na kupambana na vimelea wanaoishi kwenye seli hai, na wafyonzaji kama vidukari huwa wanaiamsha. Shida ni kwamba ikipanda mara nyingi inaikandamiza jasmoniki, na kuna wadudu wanautumia huo mwanya, mabuu wa mbawakawa wa viazi wa Colorado wanatema bakteria kwenye jani, mmea unadhani ni ugonjwa, unawasha salisiliki, wao wanaendelea kutafuna.